Nimemzuia Mama Mkwe Mlangoni

Msambweni, Jumatano, mwezi wa Shaaban, 1955

Mvua tangu alfajiri. Nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi. Nikishindwa kuisoma hati hii mwakani, nitajua sababu.

Leo nimemjibu mama mkwe uso kwa uso. Nimemwambia hapana.

Wacha nianze mwanzo. Omari, mwanangu wa miaka mitano, ana tetekuwanga. Vilimtoka vipele viwili vitatu kifuani, nikadhani mbu. Kesho yake alikuwa navyo mwili mzima, mpaka ndani ya masikio. Dresa wa zahanati alimtazama mkono kwanza kama una alama ya chanjo, maana aliogopa ndui, kisha akashusha pumzi akasema ni tete tu. Nimwogeshe, nimkate kucha, nimweke ndani mpaka magamba yote yaanguke. Akaniuliza kama nyumbani kuna mtoto mchanga. Nikamwambia hapa hapana, ila mamake yuko kwao Gazi, amejifungua juzijuzi. Akasema, basi huyu asipelekwe Gazi, na wewe unayemshika mchana kutwa usiende pia.

Mke wangu Mwanasha alikwenda kwa mamake tangu mwezi wa Rajab ili akajifungulie huko. Amepata mtoto wa kike. Sijamwona. Damu yangu mwenyewe, na sijui amefanana na nani.

Basi nimekaa ndani na Omari. Mimi ni fundi wa cherehani, vitambaa vya kanzu za Idi vimeanza kuletwa, nami nashona huku jicho moja liko kwa mtoto asijikune. Napika uji, nachemsha mwarobaini, nafua mashuka. Wanaume wenzangu wakipita barazani huniuliza kama nimeajiriwa uyaya. Siku ya kwanza nilicheka nao. Sasa siwajibu. Jana mteja alichungulia, akamwona Omari na vipele vyake, akataka kitambaa chake na bado sijakitia mkasi. Nikamtupia. Aende nacho akashonewe na fundi amtakaye.

Hayo yote nimeyameza. La leo halimezeki.

Kabla ya adhuhuri nikasikia hodi. Mama mkwe, kutoka Gazi, amelowa mpaka miguuni, mkononi ana kuku wa kunitunza. Nikaitikia, nikamwamkia macho chini, akajibu marahaba. Nikajua mara moja alilolijia. Amekuja kumchukua Omari ampeleke kwa mamake.

Sasa, mkwe kwetu hatazamwi machoni wala habishiwi. Likiwapo neno, hutumwa mtu. Miaka yote hii mdomo wetu alikuwa Mwanasha. Leo Mwanasha hayupo, majirani wameikimbia nyumba, na aliyebaki wa kutumwa ni Omari.

Mimi nikaelekea cherehani. Yeye akakaa barazani, mgongo mlangoni, leso kaivuta hadi kwenye nyusi. Omari akasimama kizingitini kati yetu, kifua wazi, mwili umepakwa dawa nyeupe.

"Mwambie babako nimekuja kukuchukua. Mamako analia mchana na usiku."

"Mwambie nyanya ahsante kwa kuja na mvua hii. Lakini dresa amekataza."

"Mwambie babako dresa hajazaa. Mimi nimezaa, wanangu wote wamepata tete, na wote wazima."

Na Omari, ingawa kila mtu amesikia, akageuka akaniambia kwa makini, "Baba, dresa hajazaa."

Siku nyingine ningecheka.

Nikamtuma amwambie nyanya kwamba wanawe walikuwa wakubwa, huyu mchanga wa Gazi hata shingo haijakaza. Nikadhani yamekwisha. Kisha mama mkwe akasema, "Mwambie babako kule Gazi watu wanasema hajaja kumtazama mtoto kwa kuwa ni wa kike."

Mguu wangu ukaganda juu ya cherehani. Ati kwa kuwa ni wa kike. Mimi ninayelala nikimuwaza, ninayeogopa hata kupanda basi nisije nikampelekea maradhi kwenye nguo zangu. Na Omari akanirudishia neno lile zima zima, halikupungua hata chembe.

Mama mkwe hakungoja jibu. Akainuka, akaifungua leso ya kumbebea, akamwambia Omari apande mgongoni, basi la kurudi li karibu. Omari akakimbilia ndani kuvaa kanzu yake. Alikuwa anacheka. Tangu augue sijamsikia akicheka.

Hapo ndipo nilipoinuka, nikaziba mlango kwa mwili wangu, nikamtazama mama mkwe machoni. Ana macho ya Mwanasha. Sikuwahi kujua.

Nikasema, "Mama, hapana. Yule wetu wa kwanza alikufa kwa surua, na ililetwa na mgeni ndani ya arobaini. Ni wewe uliyemwosha. Sitazika mwingine kwa ajili ya adabu."

Aliikunja leso polepole, akamweka kuku chini na miguu yake imefungwa, akaenda zake na mvua. Natumai basi alilipata.

Nimemkasirikia. Anajua tuliyoyapata, na bado amekuja. Nimewakasirikia watu wa Gazi na midomo yao. Nimejikasirikia mimi, maana mama wa watu nimemwacha aondoke bila hata maji ya kunywa. Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba hakusema uongo: huyu mtoto kweli anamlilia mamake.

Niliporudi ndani, Omari alikuwa ameketi kitandani, kanzu imeishia shingoni, mkono mmoja ndani, mmoja nje. Nilitazamia kilio. Akaniuliza, "Baba, yule mtoto nilimuua mimi?"

Nikamwambia wewe hata hukuwa umezaliwa.

"Na huyu nikienda, nitamuua?"

Tulimfanya mdomo wetu sisi wawili, tukasahau kwamba ana masikio.

Nimempakata, magamba na dawa na yote. Nimemwambia hajaua mtu, wala hataua, na kwamba gamba la mwisho likianguka yeye ndiye atakayempakata dada yake kwanza, kabla yangu mimi. Kisha akauliza dada yake anaitwa nani.

Sijui. Safari hii zamu ya jina ilikuwa ya upande wao, na juzi ndiyo ilikuwa siku yake ya saba, siku ya kupewa jina. Hapana shaka mama mkwe alikuja na jina hilo kutoka Gazi, na mimi nimemwondoa mlangoni kabla sijamuuliza.

Kesho nitamtuma mtu mzima Gazi akaniombee radhi. Aombe kwa ajili ya maneno yangu na macho yangu, kwa ajili ya mlango asiombe. Na kabla hajarudi, akae chini, aulize kwa heshima binti yangu anaitwa nani.