Maji ya Kitinda

Juu ya duka la vitambaa,
Jumapili, tarehe nane.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na pole na kazi. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yenye maneno mengi.

Utanuna kwa kucheleweshewa habari. Nuna, halafu soma. Kitindamimba wetu aliugua jicho la kulia, na sasa halioni vizuri.

Tangu apate kazi ya kudarizi, Kitinda aliacha miwani akavaa lenzi. Ile dawa ya kuzisafishia na kuzilaza usiku aliiita "maji yangu". Msiguse maji yangu, nani kahamisha maji yangu, nyumba nzima ni hayo tu. Asubuhi moja akatoka mbio analalamika mlangoni, "Maji yangu yamekwisha!" Mama, unavyomjua, hapendi mtu apungukiwe. Akachukua kichupa, akakijaza bombani. Kitinda akakikuta kimejaa, akadhani nimemnunulia mimi. Mimi nikadhani kanunua mwenyewe.

Jicho likawa jekundu. Akasema ni vumbi la vitambaa. Likauma, likakataa mwanga, naye lenzi anavaa tu, hata kulala analala nazo. Ukaidi huo sijui kautoa wapi. Daktari wa macho akasema maji ya bomba, hata yawe safi ya kunywa, yana vijidudu ambavyo vikinaswa chini ya lenzi vinakula kile kioo cha mbele ya jicho. Maumivu yamekwisha, kovu limebaki katikati. Siku hizi anatungiwa uzi na mwenzake.

Mwambie wifi, maana naye ni mtu wa lenzi: anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kuzigusa, amwage dawa ya jana atie mpya, asioge nazo wala kulala nazo. Jicho likibadilika rangi, azivue aende kwa daktari, asiende kwa shoga yake.

Mimi na Kitinda tulikubaliana Mama asijue kuwa ni yale maji yake. Tukashikilia lile vumbi. Mama ndiye aliyekuwa akimtilia matone, akinawa kwanza mpaka viwiko.

Juzi tulirudi kliniki sote watatu. Daktari akasema huenda baadaye Kitinda akawekewa kioo cha jicho cha mtu mwingine. Mama akauliza kama cha mzee kinafaa. Daktari akatabasamu, akasema hawachukui kwa mtu aliye hai.

Mama hakutabasamu. Akasema basi waandike jina lake, wamsubiri.

Nilitoka nje nikalia, mdogo wangu, na mimi si mtu wa machozi. Kwa hiyo ukipiga simu, habari za vumbi ziache, Mama alishajua. Ongea naye, umchekeshe kama unavyojua.

Kitinda anawasalimu, na baba mdogo pia. Mungu awatunze huko mliko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye sana.