Chupa Isiyo na Mashapo

3 Machi

Mjomba, shikamoo. Goti linasemaje, au bado linatabiri mvua? Mimi mzima kupita kiasi. Kaa chini kwanza. Ule ufunguo wa stoo ya divai uliokaa shingoni mwako miaka thelathini sasa uko shingoni mwangu, na umenipendeza kuliko wewe. Jumamosi tarehe 14 mwenye hoteli anafungua ile divai nyekundu ya Kifaransa ya miaka arobaini, ile uliyokuwa ukiisimulia kama mchumba. Namimina mimi. Nipe maujanja.

Mpwa wako, bingwa

6 Machi

Mpwa, marahaba. Goti ni lile lile. Jumamosi sema tumbo linakuuma. Amimine mwingine.

Mjomba

9 Machi

Mjomba, shikamoo tena. Barua gani hiyo, fupi kama risiti? Nimefanya ulivyonifundisha: nimeisimamisha siku mbili, nikaiinua mbele ya taa nione mashapo, maana divai ya umri huo huacha tope chini na rangi yake huelekea tofali. Chini hakuna kitu. Shingoni ni nyekundu kama rangi ya mdomo. Na lakiri ya kizibo imegandishwa kwa gundi ya viatu. Mtu anayejishonea viatu mwenyewe namjua mmoja tu. Ufunguo ninao mimi, atakayefukuzwa ni mimi. Niambie nimekosea, nicheke.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu, salamu. Hujakosea. Siku mkaza mjomba wako alipotoka hospitali na majibu mabaya, niliibeba nyumbani. Miaka yote hiyo nawamiminia watu, sijaonja tone. Tukainywa wawili. Nikaijaza ya bei rahisi, nikairudisha. Mwaka ule ule nikamzika. Usiifungue. Nitakuja niseme mwenyewe.

Mjomba

14 Machi

Mjomba, shikamoo. Sikuifungua. Nimeiangusha. Mbele ya wageni tisa, hatua mbili kutoka mezani, kwa ustadi ambao hata wewe ungeupigia makofi. Mwenye hoteli akapiga magoti kwenye vigae, akachovya kidole, akalamba. Akaniangalia weee. Akauliza, "Mjomba wako hajambo?" Nikamwambia hajambo, goti tu. Akanyoosha mkono, nikavua ufunguo. Usije. Jina lako sikulitaja, na uso kama huu haukosi kazi. Ila lawama nimebeba na ladha yenyewe siijui. Nieleze ilivyokuwa. Yote, usinibanie.

Mpwa wako, bingwa asiye na stoo

17 Machi

Mpwa, marahaba. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwenye hoteli. Katibu anasema nitaitwa sasa hivi.

Harufu kwanza: udongo baada ya manyunyu, na mkoba wa ngozi wa zamani. Mdomoni ukali ulishaisha wote; ilikuwa laini, zabibu kavu mwanzo, halafu kama chai iliyokolea. Ukimeza, haiondoki. Mkaza mjomba wako aliweka glasi chini, akasema, "Bado ipo." Tukaosha glasi, tukazifuta, tukazirudisha kabatini. Akasema tena, "Bado ipo."

Naitwa.

Mjomba