Wimbo Niliouota Juu ya Mashuka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, mimi ni baba mtu mzima wa Vällingby, hapa Uswidi, shule sikwenda mbali ila kwa muziki usiniulize, kule Tabora nilipiga gitaa mpaka ng'ombe wakaacha malisho wakajaa uani kusikiliza, na mpiga ngoma wetu ni shahidi ingawa ameshafariki. Sasa nafua mashuka ya hospitali Flemingsberg. Mwezi wa pili, saa ya mapumziko, nikajilaza juu ya mashuka yaliyotoka mashineni, bado ya moto, dirishani theluji inashuka kama haina haraka ya kufika chini, mvuke umejaa, nikawa nusu nimelala nusu macho, ukanijia wimbo, unapanda, unakawia juu, unashuka kama mtu anayetua mzigo, nikaamka nao mzima. Nikauvika maneno ya Zaburi, nikaupeleka kwaya yetu ya Fittja, nikasema nimeoteshwa, na unajua kwetu kwaya wimbo wa kuoteshwa hauhojiwi, watu walilia, hata mchungaji Mswidi asiyejua neno moja alilia.

Isipokuwa Dancille, Mrundi, tunakunja mashuka pamoja. Yeye hakuimba. Akaniuliza, akiniita mjomba kwa Kifaransa, "Tonton, hii wimbo umeitoa wapi?" Nikamwambia, "Nimeota, binti yangu." Akasema, "Umeota mi nakunja naimba kando yako. Hiyo, mama yangu ndiye aliitunga, kule kambi ya Kigoma, atulaze wakati chakula haijafika." Tangu hapo haji mazoezini. Sidii yetu inachapwa Ijumaa, jaladani mtunzi ni mimi, na Gabrieli, mwalimu wa kwaya, anasema tuni zote huazimwa, nisijisumbue. Lakini nikimwona anakunja, haimbi tena, shuka moja nalikunja mara tatu. Niliota kweli, mshauri. Ndoto yangu si yangu?

Augustino

Baba Augustino, kuhusu ng'ombe sina neno. Na ndoto yako naiamini: lile joto, ule mvuke, sauti ya mtu anayeimba akidhani hasikiki, hata mimi ningesema nimeshushiwa. Siku ile hukuiba. Umeanza kuiba siku Dancille alipokueleza nawe ukanyamaza.

Gabrieli anakupoteza. Tuni ambayo hakuna anayekumbuka ilianzia kwa nani, azima. Hii ina mama, na binti yake mnashika shuka moja, yeye upande ule, wewe upande huu. Tena ulisema umeoteshwa. Nani atabishana na Mungu mbele ya kwaya? Aibu hiyo uliiona mwenyewe, au mpaka nikuandikie?

Leo mpigie mchapaji, asimamishe jalada. Kesho, kabla mashine hazijawashwa, mwombe Dancille msamaha, na sifa za Tabora uziache nyumbani. Akikataa, wimbo unatoka kwenye sidii, nawe utaumia, vumilia. Akikubali, mtunzi anaandikwa mama yake, jina kamili, na Jumapili unasimama kuwaambia wenzako ulikotoka wimbo.

Umeutia maneno ya Zaburi bila kuuliza ya mwenye wimbo yalisemaje. Dancille akiwa radhi, mwombe akuimbie hayo. Ukae kimya mpaka amalize.

Mama Leokadia