Paa Letu Kutoka Angani

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi, tena za moto moto. Natumaini mgongo umepona na baridi ya huko imepungua, maana barua yako ya mwisho ilikuwa na malalamiko kuliko habari. Mimi sijambo, na Mama hajambo kabisa. Anakula mpaka anaongeza. Wifi na watoto wasalimie sana, uwaambie shangazi yao yu mzima na ulimi wake ni ule ule.

Kaka, wewe hukuniomba, uliniagiza. Ulisema Mama amewachosha watu kwa wimbo wake wa kurudi nyumbani kwetu nyuma ya mlima wa volkano, tangu wataalamu watangaze kwamba upande ule umetulia na wenyewe wanaruhusiwa kurudi. Nyumba ilishaliwa na moto, ulisema, yeye tu ndiye hataki kukubali. Na kwa kuwa kampuni yetu ya helikopta humpa kila mfanyakazi safari moja ya bure kwa mwaka, yeye na mwenzake, nimpandishe, auone weusi wa lava kwa macho yake, anyamaze. Nikaona una hoja.

Haya, nikampandisha.

Unajua kazi yangu ni kuwapima watalii uzito kabla hawajaruka, ili rubani awapange vitini, chombo kisilalie upande mmoja. Hapo nimeona vituko: watu huvua mpaka saa, na mabwana wazima huvuta tumbo ndani utadhani mizani ina macho. Lakini Mama aliwashinda wote. Alipopanda, namba ikanishtua. Mama yetu, mwembamba vile, kilo za mpiga mieleka! Nikampapasa kiunoni, nikakuta amejifunga mawe mawili ndani ya nguo. Eti alisikia wepesi hurudishwa nyumbani, upepo usije ukawapeperusha. Foleni nzima ilicheka, naye akaishia kucheka mwenyewe. Kumbe wepesi ndio hukaa mbele, pembeni ya rubani, penye kioo hadi miguuni. Mama akapewa kiti ambacho watalii hukigombania, mimi nikabanwa nyuma kati ya mke na mume waliokuwa wamenuniana.

Usinicheke, lakini mimi mwenyewe sikuwahi kuruka. Kila mwaka nafasi yangu nilikuwa nawapa wenzangu, kwa woga tu. Chombo kilipoinuka nikamkamata yule mke mkono, naye hakuwa na hiyana. Tukapita juu ya ufuo, tukaingia bondeni kwenye maporomoko ya maji, kijani kitupu mpaka macho yanauma, kisha mdomo wa mlima wenyewe, unafuka taratibu. Watalii wakapiga picha. Mama hakutazama hata kimoja. Alikuwa akitafuta barabara yetu.

Tulipovuka kilele tukaiona lava iliyoganda, nyeusi tii, kuanzia juu hadi baharini. Shule, hakuna. Kwa fundi cherehani, hakuna. Nikasema moyoni, Kaka alijua. Nikaanza kupanga maneno ya kumfariji. Mara Mama akamgonga rubani begani, jambo lililokatazwa kabisa, akamwomba ageuze. Rubani akamjibu kwa adabu kwamba njia imepangwa na haibadilishwi. Mama akamwambia, kwa adabu zaidi, kwamba ile pale chini ni nyumba yake. Kisha yule mume aliyenuna akasema yeye yuko radhi kukosa kituo cha mwisho cha safari, na mkewe akamuunga mkono. Tukageuka.

Ipo, Kaka. Wallahi ipo. Lava ilifika kwenye kile kilima cha nyuma ikagawanyika, ikapita huku na huku, ikaiacha nyumba na kiwanja chake cha kijani katikati ya weusi. Bati moja limeng'oka jikoni. Tangi la maji limesimama. Aliyelia ni mimi, mpaka kamasi. Mama alikuwa na kazi ya kumwonyesha rubani kwa kidole: hapa ndipo jikoni, na pale ndipo nilipomzalia kitindamimba wangu, ndiye huyo anayelia huko nyuma.

Tuliposhuka nilimweleza maneno yako yote. Kwamba mlima umelala, haujafa. Kwamba hospitali iko mbali, na umri nao haurudi nyuma. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema anajua mlima huweza kuamka, kwani yeye alikuwa wa mwisho kuondoka ulipoamka. Lakini kwenye kile chumba tulichopanga mimi na yeye hana kazi ila kutazama jua likihama kutoka ukuta huu kwenda ule, na huko nako ni kufa, ila polepole.

Sasa nifikie lililonikalisha niandike. Ulinikanya nisimruhusu. Sikumruhusu, nani humruhusu mama yake? Nimemfuata. Kazi nimeiacha, chumba tumekirudisha kwa mwenyewe, na barua hii naiandikia hapa hapa nyumbani, kwenye kizingiti cha jikoni, huku Mama akifyeka uani na kuniita mvivu. Usijichoshe kutuma neno la kutushusha. Tumewekeana ahadi moja tu, mimi na yeye: mlima ukinguruma tunashuka pamoja, saa ile ile, bila ubishi. Ameapa, na nitamshikia hapo.

Najua umekasirika. Kasirika, una haki. Ila jambo moja ulijue: siku tuliyofika, kabla hajaweka mzigo chini, kabla hata ya kufungua chumba chake, Mama alichukua ufagio akaanza na chako.

Tunakusalimu sote wawili. Ukitaka kutugombeza, njoo utugombezee hapa.

Mimi mdogo wako,
Kitindamimba