Mzigo wa Wifi Yangu

Kanyenye, Tabora
Tarehe 12 Julai 1953

Kaka yangu Damas,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimepoa. Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Baba anaendelea vizuri, ila goti la kushoto bado linamuuma akichuchumaa kuchuja asali. Kuku wanataga, mvua zimekwisha, vumbi limeanza. Basi salamu ni hizo. Nimezitoa kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwa kuwa moyo wangu umetulia. Nina hasira nawe, kaka, na nina hasira na watu wengi, na kama unaisoma barua hii umesimama, tafuta mahali ukae.

Barua yako imefika Alhamisi. Unajua kwamba barua za nyumba hii nasoma mimi. Niliifungua mbele ya wote, Baba kwenye kiti chake, Bertila mkekani, mkono wake wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Nikasoma salamu zako. Nikasoma habari za mkonge na za mnyapara mwenzako aliyefukuzwa huko Muheza. Halafu nikafika pale uliposema kwamba hukuoa mwanamke wa kuchezacheza barabarani na kuvunjika viungo mbele ya halaiki ya watu, kwamba arudishwe kwao Bukene akafundwe upya, na kwamba baiskeli iuzwe. Nilikuwa nimeshaanza kusoma kwa sauti, ulimi ukanitangulia. Bertila hakulia. Aliinuka, akaanua kanga zake kwenye kamba, akaanza kuzikunja. Umewahi kumwona mtu akikunja kanga kwa mkono mmoja? Upande wa pili anaushika kwa kidevu. Ungekuwa karibu saa ile, kaka, Mungu anisamehe, ningekurushia mchi.

Baba amesema neno la mume ni neno la mume, ila yeye hampakii mgonjwa kwenye gari la moshi. Plasta itatolewa mwisho wa mwezi. Ikitolewa, Bertila atapanda treni ya Mwanza na kisanduku chake, ashuke Bukene, awaeleze wazazi wake kwamba amerudishwa kama debe lililotoboka. Zimebaki wiki mbili na nusu, ndiyo maana naandika mbiombio na mwandiko umekaa hivi.

Sasa nikueleze mashindano yenyewe, maana inaonekana umesimuliwa na watu wa ovyo. Katika zile sherehe za mwezi uliopita za kutawazwa Malkia wa Uingereza kulikuwa na michezo ya kila namna, na safari hii kamati ya michezo ikatangaza mbio za baiskeli za wanawake. Haijapata kutokea hapa Tabora. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya ya kike, ile isiyo na bomba la katikati, iliyotolewa na wenye maduka. Ilining'inizwa kwenye baraza ya duka moja wiki nzima. Nilikuwa napita pale kila siku hata nisipokuwa na safari.

Unajua kwa nini niliitaka? Ngoja nikwambie, maana sijawahi kukwambia. Miaka mitatu baiskeli yako nimeitunza mimi. Mimi ndiye niliyeipaka mafuta mnyororo, nikaziba pancha, nikaing'arisha kengele kwa majivu. Asali ya Baba nimeipeleka kwa wateja mji mzima kwa baiskeli hiyo, madebe mawili kwenye keria, na wanaume wakiniuliza kama nimegeuka dume. Kisha ukaja likizo, ukaoa, ukaondoka, na huko ulikokwenda ukaandika mistari miwili tu: baiskeli sasa ni ya Bertila, Apolinaria asiiguse bila ruhusa yake. Bertila ambaye wakati huo hata kuikokota hajui! Na nani alimfundisha? Si mimi? Jioni baada ya jioni nilikimbia nyuma yake nimeshika keria, mpaka siku nilipoiachia akaenda mwenyewe, akapiga kelele za furaha hadi kwa Silasi katekista. Nilimpenda siku hiyo. Niseme kweli yote: nilimpenda, na nilimwonea kijicho. Asali nikaanza kuipeleka kwa miguu.

Basi tukajiandikisha wanawake saba. Bertila na baiskeli yako, mimi na ile ya Silasi, nzito kama kitanda, breki zake kelele tupu. Kila jioni tulifanya mazoezi pamoja kwenye barabara ya Kwihara, ile njia ya zamani ya misafara, yenye vilima vitatu na mawe kama vichwa vya ng'ombe. Kilima cha tatu ukitoka Kwihara ndicho kile wazee wanachokiita Tuamzigo, kwa sababu wapagazi wakitoka pwani walipumzika pale kabla ya kuingia mjini. Tulijua kila jiwe. Tulikuwa tayari, kaka. Tulikuwa tayari kuliko wanaume.

Siku ikafika. Wanaume wakashindana kwanza, wepesi, mikono mitupu, wakapigiwa makofi. Zamu yetu ilipowadia, karani wa kamati, bwana mmoja aitwaye Luhende, akapanda juu ya kasha akatangaza kwamba mwanamke wa Kinyamwezi hatembei mikono mitupu. Kwa hiyo, kwa heshima ya babu zetu waliobeba pembe hadi Bagamoyo, kila mwanamke atafungiwa kwenye keria mzigo wa mchanga, frasila moja kamili, ratili thelathini na tano. Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Sikuzani, yule mama muuza pombe aliyekuwa mwenzetu katika mbio, akamuuliza kama wale wanaume waliomaliza sasa hivi wao hawana babu. Luhende akajibu kwamba sheria ni sheria, asiyetaka akae kando, jikoni hakujafungwa. Babu yetu wewe unamkumbuka, kaka. Unalikumbuka lile kovu begani mwake, kubwa kama kiganja. Alibeba frasila mbili za pembe kwenda na za chumvi kurudi, na hakubeba ili watu wa uwanjani wachekee wajukuu zake. Nilitamani kulimwaga lile gunia la mchanga kichwani pa Luhende. Lakini baiskeli ile mpya ilikuwa imesimamishwa pale mbele, inang'aa. Nikasogeza keria, nikafungiwa mzigo.

Tulikwenda mpaka Kwihara tukageuza. Wakati wa kurudi, watano walikuwa nyuma sana. Mbele alikuwa Bertila, na nyuma yake mimi. Kwenye kilima cha pili akaanguka. Alianguka vibaya, mkono juu ya jiwe, mzigo juu yake, nikasikia ule mkono ukilia kama kuni kavu. Nikashuka. Sikuzani alipotufikia akaacha mbio zake papo hapo, akavua mtandio akaufunga mkono. Bertila alikuwa ametoka jasho uso mzima, lakini neno alilonena lilikuwa moja, kwamba nisiuache mzigo wake njiani. Babu yake naye alikuwa mpagazi. Alisema kwao mwenye kuangusha mzigo akauacha huitwa mtoro, na yeye hataki kuitwa mtoro na Luhende. Wewe unaijua desturi hiyo kama mimi: mpagazi akianguka, mzigo wake wanaubeba wenzake, haulali njiani. Nikalifungua gunia lake, nikalifunga juu ya langu. Frasila mbili, kaka, kwenye kitanda cha Silasi.

Tuamzigo niliipanda kwa miguu, nikisukuma, kifua juu ya usukani, viatu vimekatika. Wenzangu nao walikuwa wanasukuma, hakuna aliyepanda kile kilima amekaa. Binti mmoja wa Ipole, Ngollo, akanipita nikiwa karibu na kileleni. Lakini mteremko ukaja upande wangu. Mzigo unaokuua wakati wa kupanda ndio unaokusukuma wakati wa kushuka. Breki sikuwa nazo. Nikampita Ngollo, nikaipita kamba ya kumalizia, nikapita na meza ya kamati, nikasimama kwenye ukuta. Nilikuwa wa kwanza. Watu elfu walishuhudia.

Luhende akaleta mizani. Akapima, akaita wenzake wakapima tena. Kisha akatangaza kwamba nimevunja sheria, kwa kuwa sheria inasema frasila moja na mimi nimefika na mbili. Nikamweleza ule mwingine ni wa nani na kwa nini. Akasema hilo haliihusu kamati. Gunia la Ngollo lilipopimwa likaonekana limevuja njiani, limebaki nusu, nikamuuliza je, hili? Akasema kupungua ni ajali, kuzidi ni ukorofi. Basi wakampa Ngollo baiskeli, maskini binti wa watu, akaipokea ameinamisha uso. Hata leo nikiliandika neno hilo, ukorofi, kalamu inataka kutoboa karatasi.

Wanawake wa Kanyenye hawakukubali. Walinibeba juujuu, wakanipigia vigelegele mpaka mlangoni kwetu. Tangu siku hiyo nikienda sokoni napewa nyanya za bure, naitwa Frasila Mbili, mwanamke asiyeacha mzigo wa mwenziwe njiani. Silasi alinitaja kanisani Jumapili. Baba, ambaye hajapata kunisifu tangu nizaliwe, alisema damu ya babu haijapotea. Na mimi nimekula nyanya zile. Nimekaa kanisani nimeinua kichwa.

Sasa sikiliza, Damas.

Ile barua ya Bertila uliyoijibu kwa ukali, bila shaka uliujua mwandiko, ni wangu. Mkono wake ulikuwa umevunjika, akaniomba nimwandikie. Nikachukua kalamu. Akautazama mkono wangu kwa muda, kisha akaniambia niandike kwamba kanga yake ilinaswa na mnyororo, akaanguka mwenyewe. Nikaandika. Nilipoandika neno hilo, mwenyewe, hakuondoa macho.

Hakuna kanga iliyonaswa. Alikuwa amejifunga vizuri kuliko mimi. Tulikuwa tunapanda kilima cha pili, ananitangulia kwa hatua mbili, halafu moja, na mbele ya macho yangu ilikuwa baiskeli yako. Ile kengele niliyoing'arisha. Ile tairi niliyoiziba. Na mawazo yangu yalikuwa kwamba amekwishapata hii, sasa anakwenda kuchukua na ile nyingine. Nikanyoosha mkono nikaikamata keria, palepale nilipokuwa naishika nikimfundisha, nikavuta. Mzigo ulikuwa umelemea nyuma, gurudumu la mbele likainuka. Aligeuka akauona mkono wangu kabla hajaanguka. Sikuteleza, wala sikukusudia kushika kitu kingine. Nilivuta. Mkono ulioandika kwamba alianguka mwenyewe ndio uliomwangusha.

Alhamisi ile, baada ya kusoma barua yako, nilimfuata kule kwenye kanga, nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinijibu bila kunitazama kwamba mtu hamchongei wifi kwa ndugu yake, kwa maana ninyi damu yenu moja na yeye ni wa kuja, nani angemsadiki. Hilo limeniuma kuliko ukorofi wa Luhende, kwa sababu ni kweli. Tungemwita mwongo, mimi wa kwanza.

Kwa hiyo kama kuna mtu wa kurudishwa katika jambo hili, nirudishe mimi. Ila mimi niko kwetu tayari, utanirudisha wapi? Hasira zako zilete huku, nazistahili. Na wewe nawe unastahili zangu, uliyemhukumu mkeo kwa barua moja bila hata kuuliza mkono unamuuma namna gani.

Baba hajui haya. Lakini barua zote za nyumba hii nasoma mimi, na nimesoma mbaya zaidi mbele ya mtu asiye na kosa. Jioni hii, baada ya chakula, nitaisoma hii nayo, kwa sauti, yote, kisha kesho niipeleke posta.

Usiache kuvaa koti asubuhi kwa ajili ya kifua. Silasi anakusalimu, na Sikuzani pia, ingawa amesema mengine ambayo siyaandiki. Pokea salamu za dada yako aliyekukosea,

Apolinaria

Nimeisoma. Baba ametoka nje na fimbo yake, hajarudi. Bertila aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akaiomba kalamu. Haya ya chini ni yake, ameyaandika kwa mkono wa kushoto, imemchukua muda mrefu:

Damas. Sirudi Bukene. Apolinaria sijamsamehe. Baiskeli haiuzwi. Bertila.