Ngome Yangu ya Kimara

Baba yangu uliyenitangulia,

Nakuandikia nikiwa uani kwetu Kimara, nimekaa kwenye mkeka wako.

Unakumbuka kabla sijajenga ukuta? Ua wetu ulikuwa njia ya mtaa mzima. Atokaye bombani na ndoo kichwani alipiga hodi huku anatembea, nawe bila kuinua macho gazetini ukajibu, "Pita." Mimi nilichukia. Nilikuwa nimeanza kuuza mitumba, nimenunua televisheni, na kila aliyekatiza nilimwona mwizi.

Nikaleta mafundi. Tofali, geti la chuma, na juu ya ukuta vipande vya chupa. Chai ya mafundi uliipika mwenyewe, wala hukuninunia. Siku walipomaliza nikakutambia kwamba sasa una ngome yako. Ukacheka. Ulistaafu shule, lakini Kiswahili hukuacha kukifundisha.

"Ngome ni ya mji, mwanangu," ukasema. "Adui akija, wote wanakimbilia ndani. Hii yako atakimbilia nani?"

Nikakujibu kwamba maneno ya kamusi hayazuii wezi. Nisamehe, Baba. Nilijiona mjanja.

Kila nilipokwenda sokoni nilifunga geti kwa nje na kufuli, asije mtu akakusumbua. Siku ile, adhuhuri, jirani yetu Mama Zubeda alikusikia ukiita. Akaja mbio na wenzake, wakapiga hodi. Hukujibu "pita". Mumewe akajaribu kupanda, chupa zikamchana viganja vyote viwili. Mpaka wanapata shoka la kuvunjia kufuli, ulikuwa umeshakata roho hapa mkekani. Hospitali waliniambia ungewahishwa huenda ungepona. Nalala na maneno hayo, naamka nayo.

Baada ya arobaini niliuvunja ukuta upande wa bomba. Nilidhani watarudi. Hakuna anayepita, wameshazoea kuzunguka. Tena nao sasa wanajenga kuta zao, na juu wanaweka chupa kama walivyoona kwangu.

Leo asubuhi Mama Zubeda amepita kule barabarani na ndoo yake. Nimemwita, "Pita, dada, pita tu." Amenisalimia kwa heshima zote, akazunguka.

Pumzika, Baba. Mimi sina pa kukimbilia.

Ni mimi binti yako, niliyekufungia ndani.