Maili Nane Kabla ya Makere

Jumanne, 3 Agosti 1976
Kibondo. Tumelala uani kwa Hamis, mfanyabiashara wa maharage. Leo ni siku ya mia moja na saba tangu tutoke Kasulu, Jumatatu ya Pasaka. Bagamoyo tumefika, msalaba wa wamisionari wa kwanza tumeusalimu, sasa tunarudi. Zimebaki siku chache, Mungu akipenda. Leonidasi anasema Mungu ameshapenda. Mume wangu ni katekista, anajua ratiba za Mungu kuliko mimi.

Nadhiri aliiweka yeye. Immakulata aliugua surua, akalala siku tisa bila kufumbua macho. Mtoto akipona, sisi watatu tutakwenda Bagamoyo na kurudi kwa baiskeli, bila kupanda chombo cha moto hata hatua moja. Sikuulizwa. Ningeulizwa ningekubali — lakini sikuulizwa.

Jioni watu wa sokoni walikuja kumsikiliza Leonidasi akisimulia safari. Mimi nilikuwa nafua. Mama mmoja akachuchumaa karibu yangu, akaniuliza kwa Kiha kama magoti hayaniumi. Wa kwanza kuniuliza tangu Tabora! Nikalia kidogo, nikaendelea kufua.

Jumatano, 4 Agosti
Vumbi. Mlima juu ya mlima. Imma amekaa kwenye keria ya baba yake, wanaimba. Wakifika kona wimbo unakatika, nabaki na kelele za masufuria yangu. Mifupa inauma. Ni uchovu tu.

Alhamisi, 5 Agosti
Makere. Naandika haraka, Leonidasi amekwenda kututafutia pa kulala.

Si uchovu, ni homa. Tangu asubuhi natetemeka. Nilisukuma baiskeli, nikakaa, mwisho nikalala kando ya barabara, pale penye daraja dogo la magogo. Wenzangu walikuwa wameshapotea mbele. Niliita mara mbili. Kisha nikasikia lori — Hamis, anapeleka magunia Kasulu. Nikamweleza habari ya nadhiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mgonjwa ana ruhusa hata kwenye saumu. Panda."

Nikapanda. Nililala juu ya maharage, baiskeli ubavuni, na — niseme kweli — nilifurahi. Ilikuwa raha!

Maili nane. Nilimwomba anishushe kwenye kona kabla ya Makere, Leonidasi asinione. Akanishusha, akanipa vidonge vya klorokwini, akapita zake. Nikasukuma baiskeli mpaka walipokuwa wananingoja. Leonidasi akanisifu, eti leo nimejitahidi, sikuchelewa sana.

Nikalikung'uta vumbi la magunia mgongoni.

Jumamosi, 7 Agosti
Jana nilishinda nimelala. Leo Kasulu! Vigelegele, ngoma, kengele ya kanisa. Walimbeba Leonidasi juu juu. Imma walimvika shada la maua. Mimi wifi yangu Theodosia alinipa ufunguo wa nyumba, akasema jikoni kuna panya.

Nimefagia. Nimewaua wawili.

Jumapili, 8 Agosti
Misa ya shukrani. Leonidasi alisimama mbele ya watu wote, akasema kila maili tumeimaliza kwa miguu yetu wenyewe. Hakudanganya, maskini. Yeye anaamini. Padre akaniita na mimi nishuhudie. Nilikuwa nimekusudia kusema. Kinywa kikasema, "Namshukuru Mungu," nikarudi kukaa. Makofi! Nje nikawasikia wakisema mama huyu mnyenyekevu kweli.

Mnyenyekevu. Kanisa limejaa mpaka milangoni, wote wananijua kwa jina, na sijapata kuwa mpweke namna ile hata kwenye mapori ya Kahama.

Jumatatu, 9 Agosti
Imma anaungua. Zahanati wamempiga sindano, wamesema malaria. Najua ni malaria, mwaka mzima malaria haiishi hapa. Najua pia ni zile maili nane. Yote mawili nayajua, na hayagombani kichwani mwangu.

Leonidasi amepiga magoti kando ya kitanda. Nilimsikia akimwambia Mungu kwamba sisi tulitimiza yote. Yote! Nikatoka nje nikasimama karibu na kuni.

Mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini aliyeficha ni mimi, na anayeungua ni yeye. Kwa nini nisimwambie baba yake? Naogopa atakavyonitazama. Ndiyo hivyo tu, hakuna sababu kubwa zaidi.

Jumanne, 10 Agosti
Darajani, pale penye magogo. Jua limepita utosi.

Nilitoka alfajiri. Mtoto nimemwachia Theodosia, nikamwambia kuna kitu nilisahau huku Makere. Nimeendesha tangu wakati huo. Kuja hakuhesabiwi. Kinachohesabiwa ni kutoka hapa mpaka kwenye ile kona, kwa miguu yangu. Nilikunywa maji, nikageuza baiskeli ielekee Kasulu, nikafanya ishara ya msalaba.

Ndipo likaja lori. Hamis kwenye usukani, Leonidasi pembeni yake. Ameshuka kabla halijasimama vizuri.

"Homa imeshuka tangu saa mbili asubuhi. Amekunywa uji. Anakuita wewe tu. Panda twende."

Saa mbili! Saa mbili nilikuwa sijafika hata Makere. Mungu hakuzingoja maili zangu. Nimefurahi mpaka nimekaa chini vumbini. Na bado sijui kama nimesamehewa au sikuwahi kudaiwa.

Nikamwuliza nani kamwambia niko hapa. Akamtazama Hamis. Hamis akautazama usukani.

"Mbona hukuniambia, Mama Imma?"

Nikamjibu, "Ulikuwa mbele."

Sikupanga kusema hivyo. Limetoka lenyewe. Ameitazama barabara muda mrefu, ile ya kutoka Kibondo. Kisha amemwambia Hamis azime injini.

Nimetoa daftari kwa sababu mikono haina kazi nyingine. Leonidasi hajawahi kuliona. Hajauliza ni la nini. Mtoto ananiita, na kona iko maili nane. Lori lina nafasi, baiskeli ina upepo wa kutosha.

Wote wawili wananingoja mimi.